Tabari: Mwanahistoria aliyemwachia msomaji hukumu

Na Mwandishi Wetu

KARNE kumi na moja zimepita tangu afariki dunia, lakini hadi leo hakuna anayeandika historia ya Uislamu wa mwanzo bila kubisha hodi mlangoni kwake. Huyo ni Abu Jaafar Muhammad bin Jarir, ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa jina la Tabari.

Alizaliwa mwaka 839 katika mji wa Amul, jimbo la Tabaristan, kusini mwa Bahari ya Kaspi katika Iran ya leo. Jimbo hilo ndilo lililompa jina.

Inaelezwa kuwa alihifadhi Qur'ani akiwa na umri wa miaka saba, akasalisha watu akiwa na minane, na akaanza kuandika hadithi za Mtume Muhammad (SAW) akiwa na tisa. Baba yake alikiona kipaji hicho mapema. Mtoto alipotimiza miaka 12, alimruhusu aondoke nyumbani kwenda kutafuta elimu katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya sasa.

Kutoka Rayy alielekea Baghdad, makao makuu ya Makhalifa wa Bani Abbas, akitamani kuketi mbele ya Imamu Ahmad bin Hanbal. Hakuwahi. Imamu huyo alifariki mwaka 855, muda mfupi kabla kijana wa Amul hajawasili. Akaendelea na safari zake hadi Basra, Kufa, Shamu na Misri, na mwishowe, mnamo mwaka 870, akafanya Baghdad kuwa maskani yake ya kudumu.

Maisha yake yalitegemea kipato cha shamba la baba yake. Inasimuliwa kuwa wakati mmoja fedha hizo zilichelewa njiani, akalazimika kuikata mikono ya kanzu yake na kuiuza ili apate chakula. Hata hivyo, baadaye alipotakiwa na waziri ashike wadhifa wa kadhi, alikataa. Hakuoa, na muda wake wote aliutoa kwa kusoma, kufundisha na kuandika.

Baada ya kifo chake, wanafunzi wake walihesabu karatasi alizoziandika na kuzigawa kwa siku za maisha yake tangu alipobaleghe. Wakapata karatasi 14 kwa kila siku.

Wapo pia wanaosimulia kwamba aliwauliza wanafunzi hao kama wako tayari kuandika historia ya ulimwengu. Walipoambiwa kuwa itafika karatasi 30,000, walisema umri wao usingetosha. Tabari akasikitika kuona hima za watu zimekufa, kisha akaifupisha kazi hiyo hadi karatasi 3,000.

Kazi hiyo ndiyo Historia ya Mitume na Wafalme. Inaanza na kuumbwa kwa ulimwengu na kuishia mwaka 915, na tangu Hijra ya Mtume matukio yamepangwa mwaka kwa mwaka.

Namna alivyoiandika ndiyo iliyompa heshima. Kila habari ameitanguliza kwa majina ya walioipokeza, mmoja baada ya mwingine, hadi kumfikia shahidi wa tukio. Pale wapokezi walipotofautiana, aliziweka kauli zao zote bega kwa bega. Katika utangulizi alimtahadharisha msomaji kwamba akikuta jambo la kuchukiza, ajue limetoka kwa wapokezi, na kwamba yeye amelifikisha kama alivyolipata.

Kwa njia hiyo aliokoa maandishi ambayo yangepotea kabisa. Vitabu vya Abu Mikhnaf, mwandishi wa Kufa aliyekusanya habari za Karbala, ambako mjukuu wa Mtume, Hussein, aliuawa mwaka 680, havipo tena. Sehemu kubwa ya yaliyobaki imo katika kurasa za Tabari.

Lakini naye alikuwa na mipaka yake. Alipofika kwenye mauaji ya Khalifa Uthman ya mwaka 656, alikiri wazi kuwa kuna mambo ameyaacha kwa makusudi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya pekee ya kumsoma. Kati ya mwaka 869 na 883, watumwa walioitwa Wazanji, waliokuwa wakikwangua ardhi ya chumvi karibu na Basra, waliasi chini ya uongozi wa Ali bin Muhammad. Tabari alikuwa hai wakati huo, na ndiye shahidi mkuu wa uasi huo katika maandishi. Wanahistoria bado wanabishana ni wangapi kati yao walitoka katika pwani yetu. Hapa mwandishi hakuficha chuki yake: kiongozi wa waasi anamtaja kwa matusi. Hata hivyo, bila yeye tungejua machache mno kuhusu watu hao.

Uzee wake haukuwa wa amani. Aliandika kitabu kuhusu hitilafu za wanasheria bila kumweka Imamu Ahmad miongoni mwao, akimhesabu kuwa mtaalamu wa hadithi. Wafuasi wa Imamu yule yule aliyemfuata hadi Baghdad walimkasirikia, wakaishambulia nyumba yake kwa mawe, na ikabidi mkuu wa polisi aingilie kati.

Alifariki mwaka 923 na kuzikwa nyumbani kwake. Baadhi ya wapokezi wanasema alizikwa usiku kwa kuhofia ghasia. Wengine wanasema watu walifurika kumsalia, wakaendelea kwenda kaburini kwake kwa siku nyingi. Kauli zote mbili zimehifadhiwa, kama ambavyo yeye mwenyewe angefanya.

Madhehebu ya sheria yaliyobeba jina lake yalitoweka. Tafsiri yake kubwa ya Qur'ani ingali inasomwa, na historia yake ilichapwa mjini Leiden, Uholanzi, kati ya mwaka 1879 na 1901. Tafsiri yake ya Kiingereza, iliyoanza kutolewa mwaka 1985, ilikamilika mwaka 2007 ikiwa na juzuu 40.