Dk. Williamson: Mtafiti wa Mwadui aliyegoma kupangiwa bei ya almasi

Na Mwandishi Wetu

ALMASI ikitoka ardhini haina mng'aro wa kumsimamisha mpita njia. Hufanana na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga, na aliyezoea kuiona kwenye pete madukani anaweza kuikanyaga akaendelea na safari yake.

Thamani yake huanza kujulikana pale mtu mwenye jicho la kazi anapoiinua, akaigeuza kwenye mwanga na kutamka ni ya daraja gani. Neno la mtu huyo ndilo linaloamua kama jiwe litakwenda kwenye taji la kifalme au litasagwa na kuwa unga wa kunolea vyuma.

Dk. John Thoburn Williamson, mgunduzi wa mgodi wa Mwadui mkoani Shinyanga, alilielewa jambo hilo kuliko wawekezaji wengi wa zama zake. Amefariki zaidi ya miaka 60 iliyopita, lakini swali alilolipigania, la nani anayepaswa kusema jiwe lina thamani gani, bado liko hai nchini.

Kutoka Quebec hadi Mabuki

Williamson alizaliwa Februari 10, 1907 katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec nchini Canada. Alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, akavutiwa na elimu ya miamba, na mwaka 1933 alihitimu shahada ya uzamivu katika fani hiyo.

Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi duniani, na ajira kwa vijana wa fani yake hazikuwa nyingi. Akaja Afrika, akaanza kazi ya utafiti wa madini katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha akaingia Tanganyika katikati ya miaka ya 1930.

Hapa aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, kusini mwa Mwanza. Kila mtafiti wa eneo hilo alijua kwamba almasi zipo, kwa kuwa zilikuwa zimeonekana tangu enzi za Wajerumani. Kisichojulikana kilikuwa chanzo chake kikubwa.

Mgodi wa Mabuki haukuwa tajiri, na waajiri wake wakakata tamaa. Williamson hakuondoka. Aliendelea kutafuta kwa gharama zake, akiwa na fedha kidogo, lori chakavu na wafanyakazi wachache wa Kiafrika ambao majina yao hayakupata umaarufu kama lake.

Katika kipindi hicho alisaidiwa na Iqbal Chand Chopra, wakili wa Mwanza mwenye asili ya India, ambaye baadaye alikuwa mwanahisa katika kampuni yake. Bila msaada huo, huenda utafiti ungeishia njiani.

Machi 1940

Mtafiti wa almasi hatafuti almasi peke yake, kwa kuwa ni chache mno. Hutafuta madini yanayoambatana nayo, yaliyo mazito na yasiyoharibika upesi, kama vile garneti nyekundu na ilmenaiti nyeusi. Hayo yakizidi kuonekana kwenye mchanga uliochekechwa, ujue mwamba mama hauko mbali.

Kwa njia hiyo ya kuchekecha na kufuata dalili, Machi 6, 1940 Williamson alifika Mwadui, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Kishapu. Mitaani kuna simulizi nyingi kuhusu siku hiyo, zikiwamo za lori kukwama kwenye tope na za mbuyu uliokuwa jirani. Lililo wazi ni kwamba bahati ilimkuta mtu ambaye tayari alikuwa ametembea miaka mingi.

Chini ya mbuga hiyo palikuwa na mdomo wa volkano ya kale, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 50, uliojaa mwamba uitwao kimbalaiti. Ukubwa wake juu ya ardhi ni hekta zipatazo 146, na unahesabiwa miongoni mwa miamba mikubwa zaidi ya aina hiyo iliyowahi kuchimbwa duniani.

Mwaka 1942 aliandikisha kampuni yake, Williamson Diamonds Limited. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, mitambo ilikuwa adimu, na sehemu kubwa ya vifaa vya mwanzo ilitengenezwa papo hapo kwa vyuma vilivyopatikana.

Jiwe linavyopimwa

Kwa wasomaji wa mijini, ambao huiona almasi ikiwa imekwisha kukatwa, inafaa kueleza safari yake.

Mwamba huvunjwa, ukaoshwa, na vilivyo vizito vikatenganishwa na vyepesi. Katika zama za Williamson, mabaki mazito yalipitishwa pamoja na maji juu ya meza zilizopakwa grisi. Almasi haipendi maji bali hushikana na mafuta; hivyo mawe mengine yalisombwa na maji, nayo ikabaki imenasa.

Baada ya hapo mashine huishia, na kazi ya jicho huanza. Wachambuaji hukaa mbele ya meza nyeupe yenye mwanga mzuri, wakiwa na kibano na lenzi, na hugawa mawe mafungu kwa mafungu.

Kwanza ni uzito, unaopimwa kwa karati. Karati moja ni sawa na gramu 0.2. Pili ni umbo, kwa sababu jiwe lenye umbo zuri hupoteza kidogo linapokatwa. Tatu ni usafi, yaani nyufa na madoa yaliyomo ndani. Nne ni rangi: lisilo na rangi kabisa huwa juu, na kadiri unjano unaosababishwa na naitrojeni unavyoongezeka, bei hushuka.

Yaliyo duni huwekwa kando kwa matumizi ya viwandani, ambako hukata na kusaga vitu vingine. Katika kipimo cha ugumu kinachotumiwa na wataalamu, chenye ngazi 1 hadi 10, almasi ni 10. Lakini ugumu wa kutokwaruzika si sawa na uimara wa kutopasuka. Imani ya kale kwamba almasi ya kweli haivunjiki kwa nyundo imewapotezea watu mawe mazuri.

Hapo ndipo almasi inapotofautiana na dhahabu ya jirani zake wa Geita. Mchimbaji wa Geita akiuza dhahabu, hupimwa mambo mawili tu, uzito na usafi, na bei ya dunia hutangazwa kila siku. Mwenye simu anaweza kuijua kabla hajafika kwenye soko la dhahabu lililofunguliwa mjini Geita Machi 2019.

Almasi haina bei moja ya dunia. Mawe mawili yenye uzito ule ule yanaweza kuachana kwa bei mara kumi au mara mia. Hivyo mwenye mamlaka ya kupanga madaraja ndiye mwenye mamlaka juu ya fedha.

Jiwe la waridi

Oktoba 1947 lilipatikana Mwadui jiwe lililompa Williamson jina duniani. Lilikuwa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, karibu gramu 11.

Rangi hiyo ni nadra mno. Unjano hutokana na kitu kigeni ndani ya jiwe, lakini uwaridi wanasayansi wanauhusisha na mkandamizo uliopinda mpangilio wa ndani wa jiwe lenyewe likiwa bado chini sana ardhini.

Williamson hakuliuza. Alilitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa na Philip Novemba mwaka huo. Lilikatwa London mwaka 1948 na kubaki na karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, liliwekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua, kazi ya sonara Cartier. Malkia alilivaa mara nyingi hadi uzee wake.

Mgodi nao ukakua na kuwa mji. Mwadui ilikuwa na hospitali, shule, umeme, bwawa la maji na kiwanja cha ndege, wakati vijiji vilivyouzunguka uzio wake havikuwa na mengi ya hayo. Mwaka 1956 Binti Mfalme Margaret aliutembelea.

Agoma kuuza

Wakati huo biashara ya almasi duniani ilishikwa na mkono mmoja. Familia ya Oppenheimer, kupitia De Beers na kampuni zake za mauzo za London, ilinunua karibu uzalishaji wote, ikapanga madaraja, ikaamua bei na kiasi cha kutolewa sokoni.

Williamson alikuwa mmiliki binafsi, hana bodi ya wakubwa wa Ulaya nyuma yake, lakini alikuwa na mwamba ambao hakuna aliyeweza kuupuuza. Baada ya vita alikubali kuuza kupitia mfumo huo, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akasitisha. Hakuridhika na bei aliyopewa wala na mgawo wake katika mauzo.

Alichofanya ni rahisi kukieleza na kigumu kukitenda: aliendelea kuchimba, akaacha kuuza, na almasi zikarundikana. Kila mwezi uliopita ulimnyima mapato, lakini pia uliwakumbusha wanunuzi kwamba akiamua kuzimwaga sokoni kwa mkupuo, bei ya dunia ingetikisika.

Mwaka 1952 pande mbili zilifikia muafaka na mauzo yakaendelea. Hakuuvunja ukiritimba, lakini aliulazimisha kuketi naye mezani.

Hata hivyo, haki inataka kusema kwamba mvutano huo ulikuwa kati ya mwenye mgodi na mnunuzi. Wasukuma waliochimba, kuosha na kubeba mwamba huo hawakuwa na kiti kwenye meza hiyo.

Baada yake

Williamson hakuoa na hakuacha mtoto. Alipendelea upweke na kazi kuliko dhifa za wakubwa. Saratani ya koo ilimdhoofisha, na Januari 1958 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 50.

Mwaka huo huo warithi wake waliuza mgodi kwa De Beers na Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, kila upande ukichukua nusu. Wale wale aliowagomea wakaingia ndani ya uzio wake.

Baada ya Uhuru, mgodi ulitaifishwa katika miaka ya 1970, ukarudi chini ya De Beers mwaka 1994 Serikali ikibaki na asilimia 25, na mwaka 2009 ukachukuliwa na Petra Diamonds. Kitengo cha Serikali cha kuthamini almasi na vito, TANSORT, kilikuwapo ili taifa liwe na jicho lake lenyewe mezani.

Septemba 2017 swali la Williamson lilirudi kwa kishindo. Shehena ya karati zaidi ya 71,000 kutoka Mwadui ilizuiwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Serikali ilisema nyaraka zilionyesha thamani ya dola za Marekani milioni 14.8, wakati thamani halisi ilikuwa dola milioni 29.5.

Kampuni ilikanusha kufanya kosa, ikisema uthamini haufanywi nayo bali na wataalamu wa Serikali. Mwaka 2021 pande hizo zilitia saini makubaliano mapya yaliyolenga kupandisha hisa za Serikali hadi asilimia 37.

Mwaka 2021 huo huo, jiwe la waridi la karati 32.32 kutoka Mwadui liliuzwa likiwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Sehemu yake iliyokatwa, yenye karati 11.15, ilipewa jina la Williamson Pink Star, na Oktoba 2022 ikanunuliwa mnadani Hong Kong kwa dola milioni 57.7.

Uzito ulipungua kwa theluthi mbili, bei ikapanda zaidi ya mara nne, na kazi iliyoleta tofauti hiyo haikufanyika Shinyanga.

Kijana wa Maganzo, jirani na mgodi huo, anayechekecha mchanga akitafuta punje moja ya kumlipia mwanawe ada, bado humtegemea mnunuzi amweleze alichoshika mkononi. Dk. Williamson alikuwa na shahada, wakili na ghala la kungojea bei nzuri. Kijana huyo hana hata lenzi.