Apolo Kivebulaya, kasisi aliyewafuata watu wake ng'ambo ya mpaka

Miaka michache baada ya vita vya Ituri kupoa nilikuwa nachuuza vitenge na sabuni kati ya Fort Portal na vijiji vilivyo ng'ambo ya mto Semliki. Wenzangu waliponiambia kwamba wiki ile tunakwenda Mboga, nilidhani wananitania. Kwetu sisi wa Kiswahili mboga ni ya kulia ugali. Kumbe ni mji mdogo wa Kongo, siku hizi huandikwa Boga, uliokaa juu ya miinuko ukiangalia bonde la Semliki, na nyuma yake msitu unaanza.

Siku ile soko lilidorora. Mwenyeji wetu, kwa kuniona nimekaa bure juu ya furushi langu, akanichukua kwenda kunionyesha mahali alipozikwa Kasisi Apolo Kivebulaya. Akanieleza kwamba marehemu aliusia azikwe kichwa kikielekea magharibi, msituni, badala ya mashariki kwao Buganda kama ilivyotazamiwa. Nilimwuliza sababu. Jibu lake nitalitoa mahali pake, kwa kuwa lina maana tu kwa anayejua maisha ya mtu huyu.

Nikiri kwanza kwamba sikuanza kumfuatilia Apolo kwa uchaji. Ni kwa sababu ya jambo la nyumbani kwetu. Katika miaka ya 1990, tukiwa bado ukimbizini, mtoto wa dada yangu alishikwa na surua. Zahanati ya kambi ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mhubiri mmoja akaja na Biblia yake, akasoma habari za Mfalme Asa katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, kwamba alipougua miguu hakumtafuta Bwana bali waganga, kisha akafa. Mstari mmoja, akafunga kitabu. Dada akatii. Siku ya tatu alfajiri tukazika.

Tangu hapo kila nikisikia mtu anataja kiongozi wa dini mkubwa, huuliza swali moja tu: huyu aliisomaje Biblia, na watu wake waliponaje au waliumiaje kwa usomaji wake?

Apolo alizaliwa Buganda mnamo mwaka 1864. Waliozaliwa walikuwa mapacha, naye akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia. Ujana wake haukuwa wa kitakatifu. Alivuta bangi, alikunywa pombe, alishika silaha. Vita vya dini vilipozuka Buganda mwaka 1888 alikuwa upande wa Waislamu, baadaye akahamia upande wa Wakristo. Mwaka 1891 alifuatana na msafara wa Kapteni Lugard hadi Toro, na ndipo nchi zile za magharibi zikaanza kumwingia moyoni. Mtu aliyemvuta kwenye kusoma alikuwa Alexander Mackay, yule fundi wa Uskoti aliyekuwa na mtambo wa kuchapa vitabu karibu na kasri ya kabaka. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kujua kwamba wasomaji wa kwanza wa Buganda walianza na maandiko ya Kiswahili, kabla Injili hazijachapwa kwa Kiganda.

Alibatizwa mwaka 1895 akapewa jina Apolo. Jina hili halikuokotwa njiani. Apolo wa Matendo ya Mitume, mwenyeji wa Aleksandria, alikuwa hodari wa maneno na mjuzi wa maandiko, lakini elimu yake ilikuwa na pengo. Waliomchukua pembeni wakamfundisha vizuri zaidi walikuwa mke na mume, Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Kwa lugha yetu, wafanyabiashara wadogo na wakimbizi. Na yule msemaji mkubwa alikubali kufundishwa nao. Mahubiri mengi juu ya sura ile husifu ufasaha wake na kuwapita mbio wale wawili. Mimi kila nikiisoma hubaki kwao.

Kivebulaya lilikuwa jina la utani. Alizoea kuvaa koti jekundu la askari pamoja na kanzu yake, watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Akaenda nalo hadi kaburini.

Mwaka uleule wa 1895 alitumwa Toro kuwa mwalimu wa dini, na mwishoni mwa 1896 akavuka Semliki kwenda Mboga kwa mtawala Tabaro. Walimu wawili wa kutoka Buganda walikuwa wamemtangulia wakashindwa, na kilichowashinda ni njaa: watu walizuiwa kuwauzia chakula. Sisi wa sokoni tunaijua silaha hiyo. Hakuna anayekupiga wala kukufukuza, ila kila muuzaji anakuambia bidhaa imekwisha. Apolo alipokutana na mlango huohuo uliofungwa hakwenda kumlalamikia mzungu. Alishika jembe akalima chakula chake.

Mwaka 1898 ikatokea balaa. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umeachwa majanini, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo akatuhumiwa kuua. Alifungwa, akavushwa mto na kupelekwa Toro kuwekwa kizuizini. Usiku mmoja humo gerezani, kwa kadiri alivyosimulia mwenyewe, alimwona Yesu akiangaza kama jua, akimwambia asiogope. Msomaji ana hiari yake kuhusu njozi. Mimi ninachokishika ni kilichofuata: alipoachiliwa alirudi Mboga, kwa watu walewale waliomshtaki. Hakudai fidia, hakuwataja madhabahuni kuwa adui wa Mungu. Tabaro mwenyewe akabatizwa baadaye, akaitwa Paulo. Nimewaona viongozi wa makanisa ya mpakani ambao mtu akiwakosea kwa deni dogo, Jumapili inayofuata anasomewa laana za Kumbukumbu la Torati mbele ya watoto wake.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Miaka mingi iliyofuata aliitumia Toro, akijenga makanisa na kufundisha watu kusoma. Hapa nisimpake mafuta kupita kiasi. Walimu wa Kiganda walikuja nchi zile na kitabu cha Kiganda. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, ikachapwa nyembamba na nene ili iingie katika kopo la biskuti, isiliwe na wadudu. Kitabu kizuri, lakini si lugha ya Watoro, na wenyeji walikuwa na haki ya kunung'unika kwamba wanahubiriwa kwa lugha ya jirani mwenye nguvu. Watoro walidai ya kwao, wakapata Agano Jipya mwaka 1905 na Biblia nzima mwaka 1912, kazi iliyoongozwa na mmisionari Maddox. Apolo aliendelea kuandika kumbukumbu zake kwa Kiganda, lakini katika kufundisha alijifunza kushuka kwenye lugha ya aliye mbele yake. Somo hilo lilimchukua miaka.

Wakati huohuo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichora ramani. Kwa mapatano ya mwaka 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji, mpaka ulipita bondeni, na Mboga, iliyohesabiwa kuwa sehemu ya mambo ya Toro, ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Watu walilala upande mmoja wakaamka upande mwingine bila kuhamisha hata chungu. Sisi tuliorudi makwetu na kukuta mstari umepita kati ya shamba na nyumba hatuhitaji kuelezwa. Kwa kanisa la Mboga maana yake ilikuwa kubaki bila mchungaji, kwa kuwa wachungaji wake walikuwa raia wa upande wa Waingereza. Apolo angeweza kabisa kukaa Toro, mahali alipopendwa na palipokuwa salama. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alivuka tena, safari hii kwa kukaa. Hakuoa, hakuwa na mali ya kuhamisha. Akaishi Mboga mpaka kufa.

Ni miaka hiyohiyo ambapo Buganda ilipata mfano wa kile kilichotupata kambini. Mwaka 1914 chifu mkubwa Joswa Kate, mwenye cheo cha Mugema, pamoja na mwalimu Malaki Musajjakawa, walianzisha kanisa lao lililokataa dawa zote. Kate hakuwa mjinga, na alikuwa na hoja nzito juu ya wamisionari kuwacheleweshea watu ubatizo miaka kwa miaka. Lakini juu ya dawa alisimama kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 18, inayokataza waganga na wapiga ramli. Shida ni kwamba katika Kiganda neno la mganga wa tunguri ndilo lilelile wanalomwitia daktari wa hospitali. Kiswahili chetu nacho kina mtego huo: Tanzania Mganga Mkuu wa Wilaya ni daktari aliyesoma chuo kikuu. Ukiusoma mstari ule peke yake, sindano na tunguri ni kitu kimoja. Ukianzia juu kidogo unakuta habari ni ya kuchoma watoto motoni, kubashiri na kuuliza wafu, na hakuna anayetibu surua hapo. Makumi ya maelfu walimfuata Malaki.

Na Mfalme Asa je? Nilichelewa sana kuisoma sura yote ya 16. Inaanza na Asa akichukua fedha na dhahabu ya hekalu kumkodi mfalme wa Shamu ampigie adui yake, kisha akamtia gerezani nabii aliyemkemea. Ni hukumu ya mtawala aliyemtegemea kila mtu isipokuwa Mungu wake. Waganga ni kipande cha mwisho cha hadithi ndefu. Yule mhubiri wetu aling'oa kipande hicho akampa mama mwenye mtoto mgonjwa.

Apolo alikaa katika kanisa la Namirembe wakati wa tufani ile, na mwaka 1922 akafanywa kanoni wa kanisa kuu hilo. Cheo hakikumrudisha mjini. Tangu mwaka 1921, baada ya njozi nyingine, alikuwa ameanza kuingia msituni kwa Wambuti, ambao majirani zao wengi waliwahesabu nusu watu. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, alipofanya kazi yake iliyo bora. Alikwenda kwenye kambi zao badala ya kuwaita mjini, na kwa msaada wa wenyeji akashiriki kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha ya msitu.

Fikiri uzito wake. Marko imejaa mpanzi na mbegu zake, shamba la mizabibu, kondoo wasio na mchungaji, bahari yenye dhoruba. Mmbuti anaishi kwa upinde, wavu na asali. Mbegu ameiona kwenye shamba la jirani, bahari hajapata kuisikia. Ukimletea maneno matupu amepata kelele. Ni lazima kwanza ujue mkulima wa Galilaya alikuwa anafanya nini, halafu ujue aliye mbele yako anafanya nini, ndipo utafute njia ya kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Aliyefanya kazi hiyo hata mara moja hawezi tena kuupokonya mstari na kukimbia nao.

Mwaka 1933 moyo wake ulichoka. Alikubali kutibiwa na madaktari wa misheni, na alipojua kwamba hatapona aliomba arudishwe Mboga. Alifariki tarehe 30 Mei mwaka huo. Hapo ndipo penye lile jibu la mwenyeji wangu: Apolo alitaka hata maiti yake ielekee msituni, ili wanaobaki wajue kazi bado iko upande ule.

Kanisa lile la watu wachache lilizaa dayosisi mwaka 1972 na jimbo kamili la Kianglikana mwaka 1992, na askofu mkuu wake wa kwanza, Patrice Njojo Byankya, alikuwa Mkongo. Mji wenyewe haukupata raha. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, siku ileile ya kumkumbuka Apolo, wauaji waliingia Boga na Tchabi wakaua watu zaidi ya 50. Wengi walikimbia. Waliorudi walikuta nyumba zilizochomwa.

Dada yangu sasa anauza samaki wakavu mpakani. Mwaka juzi, katika maombi ya jirani yake aliyekuwa na homa, mhubiri mgeni alianza na Mfalme Asa. Dada akamwomba kwa heshima asome tangu mstari wa kwanza wa sura ile. Mhubiri akasema muda hautoshi. Dada akatoa Biblia yake kwenye kikapu, akavaa miwani, akaanza kuisoma mwenyewe kwa sauti.