Mbaraka Mwinshehe: Gitaa Ambalo Kilosa na Mikumi Hazijalisahau

Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki dunia mjini Mombasa, Kenya, mwezi Januari 1979, kutokana na ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 34. Muda wake katika muziki wa dansi ulikuwa takriban miaka 15 tu, lakini rekodi alizoziacha zimeishi muda mrefu kuliko yeye mwenyewe. Katika Mkoa wa Morogoro, ambako jina lake lilianza kung'ara, bado yapo masikio yanayotambua gitaa lake kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi ambayo baadaye ingemtangaza naye akaitangaza. Wakati huo neno jazi lilikuwa limekwisha kupata maana yake ya hapa nyumbani. Tangu Dar es Salaam Jazz ilipoanzishwa mwaka 1932, bendi nyingi za mijini zilijipa jina hilo: Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na nyinginezo. Muziki wao haukufanana sana na ule wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Ulikuwa muziki wa dansi ulioegemea magitaa, ngoma na ala za kupuliza, ukichota kutoka rumba ya Cuba iliyoingia kwa santuri za GV, na kutoka ngoma za makabila ya nchi yenyewe.

Katikati ya miaka ya 1960 kijana huyo aliacha masomo ya sekondari mjini Morogoro na kujiunga na Morogoro Jazz. Mji huo mdogo ulio chini ya milima ya Uluguru ulikuwa tayari na bendi nyingine kubwa, Cuban Marimba, iliyoongozwa na Salum Abdallah, mmoja wa waasisi wa dansi nchini. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwezi Novemba 1965, na uongozi wa Cuban Marimba ukashikwa na Juma Kilaza. Wapenzi wa muziki waligawanyika pande mbili, na ushindani huo ukazifanya bendi zote mbili kutunga kwa bidii na kubuni mitindo mipya. Morogoro Jazz ilijulikana kwa mtindo wa Sululu.

Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo kwa wakati mmoja, jambo lisilo la kawaida katika bendi zilizozoea kugawa kazi hizo kwa watu tofauti. Matokeo yake yanasikika katika rekodi. Sauti yake inaposhusha ubeti, gitaa hulipokea neno la mwisho na kulijibu kana kwamba ni mtu wa pili katika mazungumzo. Magitaa mengine husukana chini yake, besi ikishikilia njia, na baada ya beti za taratibu wimbo hugeuka kuwa chemko, sehemu ya kuwainua watu vitini. Wapenzi wake walimwita Soloist National, na cheo hicho hakikutokana na barua ya uteuzi.

Ili kuelewa jinsi muziki huo ulivyojikita Kilosa na Mikumi, yafaa kukumbuka maisha ya wilaya hiyo. Kilosa ilifikiwa na Reli ya Kati mapema katika karne ya 20, na mashamba ya mkonge ya maeneo kama Kimamba na Rudewa yaliwavuta vibarua kutoka pande nyingi za nchi na hata nje ya mipaka yake. Tawi la reli liliunganisha Kilosa na Mikumi, kisha Kidatu penye mashamba ya miwa. Mikumi, iliyotoa jina lake kwa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, imekaa juu ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Watu waliokutana hapo walikuwa na lugha mbalimbali za mama, ila Kiswahili kilikuwa cha wote. Nyimbo za Mbaraka zilitungwa katika Kiswahili hicho: chepesi kueleweka, chenye mafumbo na mawaidha, kinachozungumzia ndoa, masimango, dhiki na uchungu wa kuwa mbali na nyumbani. Kwa kibarua aliyewaacha wazazi wake mamia ya kilomita nyuma, hayo hayakuwa mambo ya kubuni.

Redio ndiyo iliyofikisha sauti hiyo kambini na stesheni. Studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zilirekodi bendi za dansi na kuzirusha hewani kila siku, na redio moja ya betri ingetosha kukusanya baraza zima. Hivyo msikilizaji ambaye hakupata kuingia ukumbini aliweza kuufahamu wimbo mpya sawa na mkazi wa mjini.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilisafiri hadi Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonesho makubwa ya dunia ya Expo 70, na Mbaraka akaigeuza safari hiyo kuwa wimbo. Desemba 25, 1971, Dkt. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa huko Isimani. Morogoro Jazz ilitoa wimbo wa kumwomboleza, na msiba uliotokea mbele kidogo kwenye barabara ileile ipitayo Mikumi ukawa sehemu ya kumbukumbu ya taifa zima. Kwa namna hiyo mpiga gitaa alifanya pia kazi ya mwandishi wa historia ya wakati wake.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano, yenye mtindo wa Masika Zole Zole. Kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, rekodi zake zilitolewa Nairobi, na Kenya ikawa soko lake kubwa. Santuri ndogo za wakati huo zilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: beti upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Wengi waliozisikiliza nyumbani walijifunza kusubiri kwa hamu ule muda mfupi wa kugeuza sahani.

Mwezi Februari 1977 mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Mbaraka alibaki kuwa mali ya pande zote mbili. Ajali ya Mombasa ilipomchukua, Tanzania ilikuwa katikati ya vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na habari za kifo chake ziliongeza huzuni juu ya wasiwasi. Baadaye kampuni ya santuri ya Kenya ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo ulioitwa Ukumbusho. Wimbo wake wa Shida, pamoja na Jogoo la Shamba na Mtaa wa Saba, ukahama kutoka santuri kwenda kaseti, kutoka kaseti kwenda sidii, na sasa unasikika katika simu za vijana ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa alipofariki.

Wasikilizaji wamezipa nyimbo za kizazi hicho jina la zilipendwa. Sarufi ya neno hilo inasema mapenzi yamekwisha, lakini Kilosa, Mikumi na kwingineko wimbo wa Mbaraka unapopigwa harusini huwatoa vitini wazee na wajukuu kwa pamoja. Mapenzi hayo hata hivyo hayatoshi kuulinda muziki wenyewe. Mkanda wa sumaku huchakaa kwa joto, unyevu na umri. Santuri huchubuka kila sindano inapopita. Sehemu ya kumbukumbu za enzi hizo imehifadhiwa katika maktaba ya redio ya taifa, ambayo leo ni Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na sehemu nyingine imo katika masanduku ya watu binafsi. Kila rekodi inayohamishiwa katika mfumo wa kidijitali, ikaandikwa majina sahihi ya mtunzi na wapigaji wake, ni rekodi iliyookolewa. Na hakimiliki inapoheshimiwa, warithi nao hupata haki yao.

Mbaraka Mwinshehe hakuishi kuiona hata miaka yake 35. Alichokamilisha kiko katika rekodi zake, na rekodi hizo zitaendelea kusikika maadamu zinatunzwa na wanaozipenda.