Batoto, mujue Pilipili Mulongoy

Kule Vienna, Gustav Klimt alitia dhahabu ya kweli katika picha zake. Kwetu Katanga, Pilipili Mulongoy hakuwa nayo. Alizaliwa 1914, mtoto wa mvuvi. Alikuwa amepita miaka 30 wakati Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua Hangar, shule ya kuchora, kule Élisabethville, leo Lubumbashi. Mwalimu huyo alikataza kuiga picha za Ulaya. Basi Pilipili akachora vile alivyojua: samaki, ndege, nyoka. Nafasi nyuma yao aliijaza alama ndogo ndogo, moja moja, mpaka picha yote ikapendeza kama kitenge. Mwalimu alikufa 1954, Pilipili akaendelea. Alifariki 2007, na mwaka 2015 picha zake zilionyeshwa Paris. Mutoto wa Kambove mwenye kalamu moja tu anaweza kuanza vile vile.