Adolphe Sax: Fundi Aliyeshinda Uwanjani

Katika kila jeshi, bendi ni kiungo cha nidhamu. Ndiyo inayopima hatua za gwaride, na ndiyo inayomsindikiza kaburini askari aliyeanguka. Leo tunasimulia maisha ya fundi aliyezigeuza bendi za majeshi, na ambaye ushindi wake ulimletea maadui wasiohesabika. Jina lake ni Adolphe Sax.

Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1814 mjini Dinant, katika nchi ambayo sasa ni Ubelgiji. Baba yake, Charles-Joseph, alikuwa fundi wa ala za muziki, na kijana akakulia katika karakana yake mjini Brussels. Utotoni alipatwa na ajali nyingi hata ikadhaniwa kuwa hataishi. Mwaka 1838 alipata hataza ya klarineti ya sauti nzito aliyoiboresha, na mwaka 1842 akahamia Paris, mtaji wake ukiwa ni ujuzi.

Wakati huo bendi za jeshi la Ufaransa zilikuwa dhaifu. Zilikuwa na ala za mbao kama obo na basuni, ambazo sauti zake hupotea uwanjani penye upepo. Wajerumani walikuwa wamekwisha tangulia, kwani hataza ya vali ilitolewa Prussia mwaka 1818. Kabla ya vali, baragumu la askari lilitoa noti chache tu za asili. Vali hufungua mrija wa ziada, njia ya hewa ikarefuka na sauti ikashuka, hivyo mpigaji akapata noti zote. Baragumu lililotiwa vali ndilo flugelihoni, ala yenye sauti pana na laini kuliko tarumbeta.

Sax hakubuni vali. Alichofanya ni kuunda jamii nzima ya ala za namna hiyo, ndogo hadi kubwa, zenye umbo moja na mpangilio mmoja wa vidole. Aliziita saksihoni, na hataza yake ni ya mwaka 1843. Askari aliyejifunza moja aliweza kuhamia nyingine bila ya kuanza upya. Jenerali de Rumigny, msaidizi wa Mfalme Louis-Philippe, aliitambua faida hiyo na kumuunga mkono.

Wakuu wa muziki wa zamani walipinga. Basi ikaamuliwa kwamba hoja ikatwe uwanjani. Tarehe 22 Aprili 1845, katika uwanja wa Champ-de-Mars mjini Paris, bendi mbili zilipiga mbele ya umati wa maelfu. Moja ilikuwa ya mtindo wa zamani chini ya Carafa, mkuu wa chuo cha muziki wa jeshi. Nyingine ilikuwa ya Sax, yenye watu wachache zaidi. Umati uliishangilia ya Sax, na mwaka huohuo serikali ikaagiza ala zake ziingizwe jeshini.

Lakini fundi mwenye heri hakosi wa kumwonea kijicho. Mafundi wenzake waliungana, wakamburuta mahakamani miaka mingi wakidai kwamba hakubuni lolote. Mapinduzi ya mwaka 1848 yalimwangusha mfalme, na amri ile ikafutwa. Ikarejeshwa mwaka 1854 chini ya Napoleon III. Sax alifilisika mwaka 1852, na tena mwaka 1873 na 1877. Katikati ya masaibu hayo aliugua uvimbe mbaya wa mdomo, akapona mwaka 1859. Tangu 1857 hadi 1870 alifundisha saksafoni, ala aliyoipatia hataza mwaka 1846, katika chuo kikuu cha muziki cha Paris. Alifariki tarehe 7 Februari 1894 akiwa fukara, akazikwa katika makaburi ya Montmartre.

Sisi tunaona kwamba urithi wake kwa askari ni ile njia ya kuchagua. Mkuu wa bendi anayetumwa kununua flugelihoni atakuta aina mbili za vali. Ya pistoni hupanda na kushuka, na mpigaji mwenyewe aweza kuifungua na kuisafisha kambini. Ya kuzunguka, inayopendwa katika nchi za Wajerumani, huenda kwa ulaini, lakini ikiharibika yataka fundi hodari. Tena, mwili wa flugelihoni hupanuka karibu tangu mwanzo, hivyo sauti hurekebishwa kwa kusogeza mrija wa mdomoni: ukivutwa nje sauti hushuka, ukisukumwa ndani hupanda, kisha hukazwa kwa skrubu. Skrubu iliyolegea ni aibu ya gwaride zima.

Basi asidanganywe na mng'ao wala maneno ya muuzaji. Aitoe ala nje, ipigwe pamoja na nyingine, masikio ya wengi yasikilize. Champ-de-Mars palionyesha kwamba ala ya jeshi huhukumiwa pale itakapotumika.