Robins, mtoto wa mshona nguo aliyepinda risasi kabla ya Roberto Carlos

Ile frikiki ya Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa mwaka 1997, iliyopita nje ya ukuta kisha ikarudi golini huku kipa Fabien Barthez amesimama kama mlingoti, wataalamu huieleza kwa jina la Magnus, Mjerumani wa karne ya 19. Lakini Mwingereza Benjamin Robins alishaliona jambo hilo zaidi ya miaka 100 kabla yake, tena kwa risasi.

Robins alizaliwa Bath mwaka 1707, familia masikini ya dhehebu la Quaker, watu wasiotaka vita. Hesabu alijifunza zaidi mwenyewe, na akiwa na miaka 20 tu akaingia Royal Society, timu ya taifa ya wanasayansi, tuseme.

Mwaka 1742 alitoa kitabu cha mizinga. Alikuwa anafyatulia risasi ubao mzito unaoning'inia. Kadiri ulivyorudi nyuma ndivyo alivyojua kasi. Wapiga mizinga wengi waliidharau hewa. Yeye akakuta hewa ni beki kisiki.

Nani anapenya? Siku hizi hesabu yake ni hii: uzito gawanya kwa kipenyo mara kipenyo. Goroli ya risasi ya sentimita 1.9 ina gramu kama 40, unapata 11. Mpira wetu, gramu 430 na sentimita 22, haufiki hata 1! Ndiyo maana hewa inauonea, na ule wa plastiki wa watoto ndiyo usiseme.

Jaribio lake tamu ni hili. Alikunja mdomo wa mtutu kidogo kushoto, akapanga karatasi nyembamba mbele yake. Risasi ikatoka kushoto, halafu matundu kwenye karatasi yakaonesha imerudi kulia. Ilijisugua upande wa kulia wa mtutu, ikatoka inazunguka.

Nafasi ya kufundisha chuo cha kijeshi cha Woolwich aliikosa. Euler, bingwa wa hesabu wa zama hizo, alikitafsiri kitabu chake mwaka 1745 lakini hoja ya kuzunguka akaikataa. Medali ya Copley aliipata 1746. Baadaye akaenda India kujenga ngome za kampuni ya Waingereza, homa ikamuua Julai 1751, miaka 44 tu.

Magnus alikuja na silinda yake inayozunguka kwenye upepo mwaka 1852, jina likabaki kwake.