FRITZ POLLARD, MUTU MWEUSI ALIYEONGOZA EKIPI YA WAZUNGU

Ndugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu, katika namba hii tunapenda kuwaelezea maisha ya mutu mumoja ambaye jina lake halijulikani sana hapa kwetu. Hata kwao Marekani jina hilo lilisahauliwa kwa miaka mingi, na lile kusahauliwa njo jambo tunataka muangalie vizuri. Anaitwa Fritz Pollard.

Kwanza tuseme kidogo juu ya muchezo wenyewe, sababu si mupira wetu wa miguu. Mupira wa Marekani unafanana na papai. Wachezaji ni 11 kila upande, na wanaushika kwa mikono. Ekipi yenye mupira inapewa nafasi nne za kusonga mbele karibu mita 9. Ikishindwa, wengine wanachukua. Nyuma ya wale wakubwa wanaosukumana kuko muchezaji mumoja anayeitwa kwotabeki. Yeye anapokea mupira, anaangalia, kisha anaamua: kuutupa mbali, kumupa mwenziwe, ao kukimbia nao. Wote wanamusikiliza. Basi mufahamu: kwa miaka mingi wazungu wa Marekani walisema kazi ya kwotabeki inaomba akili na uongozi, na mweusi hawezi. Pollard aliifanya tangu zamani.

Alizaliwa tarehe 27 Januari 1894, katika Chicago. Baba yake alikuwa kinyozi, mama yake alishona nguo. Wazazi walimupa jina la Frederick Douglass, yule mutu mashuhuri aliyezaliwa mutumwa, akatoroka, akapigana na utumwa kwa maneno na kwa maandiko. Jina Fritz alipewa na majirani wenye kusema Kijerumani. Jamaa yake ilikaa kati ya wazungu, na wakubwa zake ndio waliomufundisha mupira. Walimufundisha pia kujilinda. Akiangushwa chini, alijigeuza upesi juu ya mugongo na kupiga miguu hewani, ili wale wenye kutaka kumurukia na kumuvunja waogope. Hakuwa mutu mukubwa: kimo mita 1 na sentimita 75 hivi, kilo karibu 75. Nguvu yake ilikuwa mbio na macho.

Mwaka 1915 aliingia katika Chuo Kikuu cha Brown, katika muji wa Providence. Ni chuo cha zamani sana, Wabaptisti walikianzisha mwaka 1764. Pale alisoma shimi. Pesa hazikutosha, basi alipiga pasi nguo za wanafunzi wenzake ili apate ya kulipa. Ninyi mnaouza mikate ao makala wakati wa likizo kwa kutafuta minervale, muone kama hamuko peke yenu.

Ekipi ya chuo ilimuchukua, na tarehe 1 Januari 1916 walifika California kucheza ile mechi kubwa inayoitwa Rose Bowl. Pollard alikuwa mweusi wa kwanza kucheza pale. Ile siku mvua ilinyesha, kiwanja kikageuka matope, mbio zake hazikufaa kitu, wakashindwa 14 kwa 0. Lakini hakukata tamaa. Mwaka uleule wa 1916 Brown iliwapiga Yale 21 kwa 6, kisha ikawapiga Harvard 21 kwa 0. Hivyo ni vyuo viwili vyenye sifa kubwa, na Pollard njo aliwachosha kwa mbio. Mwisho wa mwaka alihesabiwa katika wachezaji bora wa Marekani yote, jambo ambalo mweusi wa nafasi yake hakuwa amelipata bado.

Kisha vita ya kwanza ya dunia alianza kucheza kwa kulipwa, katika ekipi ya Akron, muji wa viwanda vya mipira ya magari. Mwaka 1920 ligi mpya ilianzishwa, ile ambayo tangu 1922 inaitwa NFL. Katika ligi nzima mwaka ule weusi walikuwa wawili tu, Pollard na Bobby Marshall. Akron ilishinda mechi 8, ikatoka sare 3, haikushindwa hata moja, na wapinzani wote pamoja walipata pointi 7 tu. Ikawa bingwa wa kwanza wa ligi.

Mungefikiri bingwa anabebwa juu mabegani. Kumbe hapana. Watu wa Akron wenyewe, ambao aliwachezea, walimutukana kiwanjani. Hakuvaa nguo za muchezo pamoja na wenzake. Alivaa kwingine, kisha akaletwa kwa gari wakati mechi inakaribia kuanza. Wapinzani walimurundikia ngumi na magoti. Yeye alijibu kwa kukimbia tena.

Mwaka 1921 Akron ilimuweka kuwa antrenere, ni kusema mwalimu wa ekipi, huku akiendelea kucheza. Hivi akawa mweusi wa kwanza kuongoza ekipi katika ligi ile. Alimuleta pia Paul Robeson, ambaye kisha alijulikana dunia nzima kwa sauti yake ya kuimba. Mwaka 1922 wote wawili walikuwa katika Milwaukee. Mwaka 1923 katika ekipi ya Hammond, Pollard alishika nafasi ya kwotabeki, na wanahistoria wanamuhesabu kuwa mweusi wa kwanza kufanya ile kazi katika ligi. Aliacha kucheza pale mwaka 1926.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Weusi walizidi kupungua, na mwaka 1933 walibaki wawili tu. Kutoka 1934 mpaka 1945 hakuna hata mumoja aliyecheza katika NFL. Sheria ya kuandikwa haikuonekana. Mulango ulifungwa kimya kimya, wenye ekipi wakanyamaza sawasawa watu wasiojua kitu. Juu ya nini tunalitaja? Sababu uzalishi wa namna hii ni mugumu kuushitaki: hakuna karatasi, hakuna sahihi, kuko tu majina yasiyoitwa.

Pollard hakukaa akilia. Mwaka 1935 alikuwa mwalimu wa ekipi ya weusi katika New York, iliyoitwa Brown Bombers, ikacheza na ekipi za wazungu na kuzishinda mara nyingi, ili watu waone kwa macho yao kama kuchezea pamoja kunawezekana. Mwaka uleule alianzisha gazeti la weusi. Biashara pia alijaribu. Kampuni yake ya mambo ya pesa katika Chicago ilianguka mwaka 1931, wakati wa ile shida kubwa ya uchumi, lakini alianza tena na kazi zingine. Mutoto wake, Fritz mudogo, alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Berlin, mwaka 1936, kwa mbio za kuruka vizuizi.

Mulango ulifunguliwa tena mwaka 1946, Kenny Washington na Woody Strode walipoingia katika ekipi ya Los Angeles. Lakini antrenere mukuu mweusi hakuonekana tena katika NFL mpaka Art Shell, mwaka 1989. Mupige hesabu: tangu 1921 ni miaka 68.

Pollard hakuona ile siku. Alikufa tarehe 11 Mei 1986, akiwa na miaka 92. Brown ilikuwa imemupa udaktari wa heshima mwaka 1981, lakini ile nyumba ambamo majina ya wakubwa wa mupira wa kulipwa yanawekwa ilimupokea mwaka 2005, miaka 19 baada ya kifo chake. Mwaka 1988 Doug Williams alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda fainali kubwa, na mwaka 2023 makwotabeki wa pande zote mbili za fainali walikuwa weusi, Patrick Mahomes na Jalen Hurts.

Ndugu wanafunzi, hatusemi kwamba mwenye kuvumilia anapata haki yake siku zote. Pollard alivumilia, na sehemu kubwa ya haki yake ilifika wakati hayuko. Tunasema hivi tu: kazi yake iliandikwa katika hesabu za mechi, na wale waliokuja kuitafuta waliikuta pale. Kwa hiyo tunaposikia katika klase, katika ekipi ao katika kijiji kwamba mutu wa kabila fulani ao muschana hawezi kazi fulani, tuulize kwanza: ni nani aliyeifanya tayari, na juu ya nini hatukuambiwa jina lake?